Nimetumia maski ya taa nyekundu upande mmoja tu wa uso kwa wiki nane. Matokeo yamenichanganya

#1 Mama_Kongowe (Juni 8)

Wakuu habari za jioni.

Nina miaka 46, maji ya kunde, watoto watatu, naishi Kongowe, kusini mwa Dar, kazi yangu ni ya ofisini Posta, mjini kati. Mwaka jana nilienda kupiga picha ya pasipoti, kijana wa studio akaniuliza kwa adabu zote, "Mama, nikulainishie hapa pembeni ya macho?" Sijakaa sawa tangu siku ile. Si makunyanzi ya kutisha, ni vile vimistari vinavyobaki hata ukishamaliza kucheka.

Basi nikaanza kununua vifaa. Nakiri mbele yenu kwa sababu mume wangu hayumo humu. Cha kwanza kilikuwa kile kijiwe cha kijani cha kuviringisha usoni. Kinapoza vizuri ukikitoa kwenye friji, zaidi ya hapo sina la kusema. Cha pili ni kimashine chenye vichwa viwili vya chuma, kinapitisha umeme mdogo sana kwenye ngozi eti misuli inyanyuke. Jeli yake ilipoisha nikapaka mafuta ya nazi, kikaanza kunichoma kama siafu. Nikakiweka kabatini.

Cha tatu ndicho cha uzi huu: maski ya taa nyekundu, nimeinunua Kariakoo laki moja na ishirini. Hii nikasema sidanganyiki. Nikachukua foili ya jikoni, nikaibandika kwa ndani nusu ya kushoto, taa ziwake upande wa kulia tu. Dakika kumi kila usiku, siku tano kwa wiki, wiki nane. Binti yangu wa kidato cha tatu sikumwambia kitu. Juzi nikamkalisha, nikamwambia aniangalie vizuri, upande upi mzuri.

Akaniangalia weee. Akasema, "Mama, huku kulia ndiko umezeeka."

Kulia ndiko nilikokuwa nawasha taa! Sasa wajuzi nisaidieni: hii taa inanizeesha?

#2 Mzee_wa_Kijiwe

Makunyanzi ni vyeti vya shule ya maisha dada yangu. Wewe unataka kuvifuta uonekane hujasoma?

#3 Shosti_Tabata

Naweka kambi hapa. Yangu iko kwenye boksi bado, nisubiri kwanza au nimrudishie mwenye duka?

#4 Fundi_Saketi

Mama Kongowe, kabla hatujafika kwenye ngozi tuanze na kifaa. Hizi maski nimeshafungua tatu. Boksi linasema nini kuhusu nanomita, ile namba inayotaja aina ya mwanga? Na je, limeandikwa kwamba ina taa "zisizoonekana"? Kama limeandikwa, fanya hivi: zima taa za chumbani, washa maski, iangalie kupitia kamera ya mbele ya simu, ile ya kujipigia selfi. Ni kama mafundi wanavyopima rimoti ya tivii, ukibonyeza unaona kanuru ka zambarau ambako macho hayakaoni.

Halafu foili inaakisi mwanga, mama. Ungebandika selotepu nyeusi.

#5 Mama_Kongowe

Boksi linasema 630 na 850, na rangi saba. Nimefanya sasa hivi na rimoti ya king'amuzi pembeni kwa kulinganisha. Rimoti inaonesha zambarau vizuri kabisa. Maski ni nyekundu tupu, hakuna zambarau popote. Kuna taa sita za kidevuni hazikuwaka kabisa na sikuwahi kujua kwa sababu ukiivaa huoni.

#6 Fundi_Saketi

Ndiyo hivyo. Ile 850 hamna, wameichapa kwenye boksi tu. Mimi niliyoifungua mwezi wa pili ilikuwa na balbu za rangi tatu kwenye kikombe kimoja, zilezile za mapambo ya sebuleni. Rangi saba zinapatikana kwa kuchanganya hizo tatu. Kwa hiyo "njano ya kung'arisha" na "zambarau ya kukaza" ni nyekundu, kijani na bluu zilizochanganywa kama vile kwenye skrini ya tivii yako.

Nyekundu yenyewe ipo, siikatai. Swali ni nguvu yake. Taa inaweza kuwa nyekundu ya damu na isifikishe kitu ndani ya ngozi. Kupima nguvu hiyo kunataka chombo maalumu, multimita yangu haiwezi, kwa hiyo hapo naishia.

Moja la ziada kwa wenye ndugu Marekani: angalieni nyuma ya chaja kabla ya kuchomeka. Kule umeme wao ni volti 120, huku ni 230. Pakiandikwa 100–240 uko salama. Pakiandikwa 110 au 120 peke yake usithubutu. Dada mmoja aliniletea kifaa chake cha uso kinanuka plastiki iliyoungua, amekitumia sekunde moja.

#7 Nesi_wa_Ngozi

Nimeitwa na mtu inboksi nije huku. Nilisomea Moshi, nafanya kazi kliniki ya ngozi. Sitamtibu mtu kwa uzi, ila maelezo nitatoa.

Mama Kongowe, taa nyekundu haikuzeeshi. Mwanga wa 630 hauna ile miale ya UV inayoharibu ngozi. Habari yake ni ndefu kidogo. Miaka ya 1960 daktari mmoja wa Budapest, Endre Mester, alikuwa akijaribu leza dhaifu kwenye panya walionyolewa mgongoni, akitaka kujua kama italeta saratani. Saratani hakuiona, akaona manyoya yanarudi haraka kuliko kawaida. Kuanzia hapo watu wakaanza kufuatilia mwanga huo kwenye vidonda na baadaye kwenye ngozi ya kawaida. Wanavyoeleza, nyekundu na ile isiyoonekana ya karibu yake hufyonzwa na mitambo midogo ya nishati ndani ya seli, na seli zinazotengeneza kolajeni, ile protini inayoikaza ngozi, zinachangamka.

Kwa makunyanzi, utafiti unaotajwa sana ni wa Ujerumani wa mwaka 2014. Watu 136, kati yao 23 hawakuwekewa taa, wengine walipigwa mwanga mara mbili kwa wiki, jumla mara 30. Waliopigwa taa ngozi ilikuwa laini zaidi na kipimo cha altrasaundi kilionesha kolajeni imeongezeka. Sasa sikilizeni vizuri: walilala kwenye vitanda vikubwa vya taa zenye nguvu inayojulikana. Maski ya Kariakoo haikuwemo. Na wale 23 walijua kwamba hawapati taa, hakukuwa na taa bandia ya kuwazuga. Kwa hiyo ninapoulizwa nasema: inaweza kusaidia kidogo kama kifaa ni cha kweli na una subira ya miezi mitatu. "Kidogo" naisema kwa makusudi.

Kile cha umeme mdogo ushahidi wake ni mwembamba zaidi. Kinachotajwa mara nyingi ni jaribio la 1982 kwenye ngozi ya panya, ambapo umeme mdogo uliongeza nishati ya seli. Kutoka kwenye kipande cha ngozi ya panya mpaka kwenye shavu la mama wa Kongowe ni safari ndefu. Uso unaweza kuonekana umenyanyuka jioni ile ukienda harusini, kesho kutwa umerudi. Na ni mwiko kwa mwenye betri ya moyo, mwenye kifafa na mjamzito. Ulichomwa kwa sababu mafuta hayapitishi umeme, unajikusanya na kuruka pale palipo na upenyo. Jeli ya maji ndiyo inayousambaza.

#8 Shosti_Tabata

Nesi, yangu imeandikwa "FDA" kwa herufi kubwa kabisa. Hiyo si ina maana imethibitishwa?

#9 Nesi_wa_Ngozi

FDA ni mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, lakini herufi tatu mtu yeyote anaweza kuchapa. Na hata ikiwa ni kweli, vingi vya vifaa hivi Marekani vimeruhusiwa kuuzwa kwa kuonesha kwamba vinafanana na kifaa kingine kilichopo sokoni tayari. Kuidhinishwa kama inavyoidhinishwa dawa mpya ni mlima mwingine. Hapa kwetu pia watu wanachanganya: tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na vifaa tiba viko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Muulize muuzaji wake kimesajiliwa wapi, uone atakavyoanza kuangalia dari.

Na macho. Mwaka 2019 Neutrogena waliondoa sokoni maski yao ya taa ya chunusi kwa sababu ya wasiwasi wa macho, hasa kwa wenye magonjwa fulani ya retina au wanaotumia dawa zinazofanya macho yaogope mwanga. Kampuni kubwa kiasi hicho. Hii yako isiyo na jina, vaa miwani ya kuziba.

#10 Dereva_Tunduma

Samahani naingilia, mimi mambo ya uso siyajui. Nina swali moja kwa mwenye uzi. Dada, unaendesha gari?

#11 Mama_Kongowe

Naendesha ndiyo. Mwaka wa tisa sasa. Kwa nini?

#12 Dereva_Tunduma

Kwa sababu nina miaka 22 kwenye lori na uso wangu una watu wawili. Kushoto ni mdogo wangu, kulia ni babu yangu. Vinyozi wote huniuliza.

Wewe ukitoka Kongowe asubuhi kwenda Posta unashika Kilwa Road unaelekea kaskazini. Jua linatoka mashariki, yaani kulia kwako. Usukani uko kulia, dirisha liko kulia. Jioni unarudi kusini, jua liko magharibi. Geuka uangalie magharibi iko mkono gani: kulia tena! Wewe jua linakufuata dirishani kwako kwenda na kurudi, miaka tisa.

#13 Mama_Kongowe

...

Ngoja nisimame kwanza nigeuke sebuleni na mikono yangu.

#14 Mama_Kongowe

Ni kweli. Astaghafirullahi. Na foleni ya Mtongani pale asubuhi si ndogo, unakaa nusu saa jua linakupiga shavuni.

#15 Nesi_wa_Ngozi

Dereva, njoo uchukue koti langu jeupe.

Kuna picha maarufu ilitoka mwaka 2012 kwenye jarida la udaktari la New England. Mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza maziwa miaka 28 huko Marekani. Kule usukani uko kushoto. Nusu ya kushoto ya uso wake imekunjana kama ngozi ya mapapai yaliyokauka, nusu ya kulia ni ya mtu wa kawaida. Kioo cha pembeni cha gari kinazuia UVB, ile ya kuunguza, ndiyo maana huhisi kuungua. UVA inapita, na ndiyo inayoshuka ndani kwenye kolajeni. Kioo cha mbele kina tabaka la plastiki katikati, hicho kinazuia zaidi.

Sisi wenye melanini nyingi makunyanzi yanatuchelewa ukilinganisha na Wazungu, hiyo ni zawadi. Lakini kuchelewa si kutokuja.

Kwa hiyo Mama Kongowe, jaribio lako lilianza na pande mbili zisizo sawa. Ulipomuuliza binti upande upi mzuri ulimuuliza swali lisilo lake. Ilipaswa kulinganisha kulia ya leo na kulia ya wiki nane zilizopita. Una picha za mwanzo?

#16 Mama_Kongowe

Ninazo mbili, za bafuni, na flashi, na nimejipaka mafuta. Nang'aa kama sufuria mpya. Hazina msaada.

#17 Dada_wa_Tegeta

Jamani hebu subirini. Mimi nakaa Tegeta, asubuhi nashuka kusini kwenda mjini, jioni napanda kaskazini. Jua langu si litakuwa kushoto kwenda na kurudi? Nimejiangalia kwenye kioo, kweli kushoto ndiko kubaya!! Na mimi siendeshi, nakaa siti ya kushoto mbele kwa mume wangu. Kumbe tunapakiwa kama mahindi ya kuchoma.

#18 Mzee_wa_Kijiwe

Suluhisho rahisi: wa Tegeta na wa Kongowe mbadilishane nyumba kila baada ya miaka tisa.

#19 Wambui_wa_Umoja

Nawasalimu kutoka Nairobi. Nimesoma hii thredi yote na nataka kuwaonya msichanganye vifaa. Mimi nilinunua kifaa mtaani Luthuli, muuzaji akaniambia ni "taa ya uso" inaondoa nywele za kidevu na mistari kwa pamoja. Kilikuwa cha kupiga flashi, ile wanaita IPL. Nilipiga mara nne kidevuni. Kesho yake nikaamka na alama nne za pembe nne, nyeusi, zimepangwa kama stempu kwenye barua. Zimekaa miezi saba.

#20 Nesi_wa_Ngozi

Pole sana Wambui. Hili linastahili uzi wake.

IPL na maski ya LED, yaani hii ya vitaa vidogo, ni vitu viwili tofauti kabisa ingawa vyote ni "taa". LED nyekundu ya nyumbani inamulika taratibu. IPL inarusha mshindo wa mwanga mkali unaotafuta rangi nyeusi ya nywele ili uiunguze. Ngozi yetu nayo ina rangi, mwanga hautofautishi, unaunguza ngozi. Vifaa vya kueleweka vina kihisi kinachokataa kuwaka kikigusa ngozi nyeusi, na kwenye kijitabu kuna jedwali la rangi za ngozi lenye alama ya X kwa sisi. Kikikukatalia, shukuru, usitafute namna ya kukizuga.

Nawauliza na jambo jingine bila kumnyooshea mtu kidole: kuna aliyepitia mkorogo? Zile krimu zenye steroidi hukondesha ngozi. Ngozi iliyokonda ukiipelekea joto au sindano inaumia mara mbili. Malizana na hilo kwanza kwa daktari, vifaa baadaye.

#21 Bint_Maskati

Asalaam aleikum, niko Oman mwaka wa sita. Huku vifaa hivi viko kila duka. Mimi ninacho cha RF, kile kinachopasha joto. Kinakupa usingizi mtamu wallahi. Mistari ya shingoni naona imetulia. Lakini mashavuni nilikuwa na mabaka yaliyobaki tangu mimba ya pili, yamekolea mno tangu nianze. Vinahusiana?

#22 Nesi_wa_Ngozi

Waaleikum salaam. Joto linaweza kuyachochea mabaka hayo, ndiyo, hata wapishi wa jikoni kwenye moto mkali huyalalamikia. Wacha mashavu. Kolajeni huanza kujikunja kwenye joto la nyuzi 60 na ushee, mashine za kliniki hufika huko ndani huku zikipoza ngozi kwa juu. Cha nyumbani kimefungwa kwenye nyuzi 40 hivi usijichome. Ndiyo maana usalama wake ni mkubwa na kazi yake ni ndogo.

Kwa mabaka, sanskrini yenye rangi kama ya podari inafaa kuliko nyeupe. Ile rangi ni oksidi ya chuma, inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi nyeusi nao huyakoleza.

#23 Mrembo_Kigamboni

Na rola ya sindano? Sisi tuko wasichana wanne geto moja, tumechanga tumenunua moja, tunaisafisha kwa spiriti.

#24 Nesi_wa_Ngozi

ACHENI LEO. Leo hii. Ile rola inatoboa, na damu mnaibeba hata msipoiona. Kuanzia mwaka 2018 huko New Mexico, Marekani, wateja wa saluni moja iliyokuwa ikifanya huduma ya sindano za uso na damu bila leseni waligundulika kuwa na VVU, na wataalamu wakafuatilia mpaka wakafika kwenye huduma za saluni ile. Ripoti ilitoka 2024. Spiriti ya kufutia haiingii kwenye mashina ya sindano 500. Kila mtu na yake, au hakuna. Na mkapime, si kwa kuwatisha.

#25 Mrembo_Kigamboni

Nimeitupa. Tumeenda wote wanne leo asubuhi. Asante sista.

#26 Bibi_wa_Chumbageni

Wanangu, mimi mjukuu ndiye anayenisomea na kuniandikia. Nasikia mnahangaika na taa. Sisi Tanga liwa, ule mti wa kunukia, tulilisaga kwenye jiwe la msio tangu usichana, unachovya maji ya waridi, unajipaka, unakaa nalo. Wenzetu wa Ngazija, huko Komoro, wao hujipaka msindzano, ndilo liwa lao, uso mzima mchana kweupe wakaenda nalo sokoni, na hawaoni haya. Nina miaka 74, njooni muangalie uso wangu.

#27 Fundi_Saketi

Bibi shikamoo. Sasa hapo umesema jambo bila kulisema. Ule uji mzito wa liwa mchana kutwa usoni ni kivuli cha kujipaka!

#28 Bibi_wa_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Na buibui juu yake.

#29 Nesi_wa_Ngozi

Shikamoo bibi. Sina kipimo cha liwa kwa hiyo siwezi kumpa namba, lakini kanuni ni ileile. Na namba ya sanskrini ninayo: Nambour, Australia, watu wazima 903 wenye chini ya miaka 55. Nusu waliambiwa wapake kila siku, nusu wapake wanavyojisikia. Baada ya miaka 4 na nusu, waliopaka kila siku kuzeeka kwa ngozi yao kulikuwa pungufu kwa asilimia 24. Huo ulitoka 2013, na sijui kifaa cha nyumbani chenye ushahidi wa namna hiyo. Ya pili ni krimu ya tretinoini, ya kuandikiwa na daktari, marufuku kwa mjamzito, na kwa ngozi yetu inaanzwa polepole kwa sababu ikikuchubua inaacha weusi.

Watu wanasema sanskrini ni ya Wazungu. Kituo cha ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi walianza kutengeneza yao wenyewe, inaitwa KiliSun, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao hili si suala la vimistari, ni la saratani. Wale ndio wanaoijua thamani ya tyubu moja.

#30 Mama_Kongowe

Nimeamua. Naanza upya. Mwenye duka amekataa kurudisha hela, amenibadilishia kwa nyingine nikaongeza themanini elfu. Hii nimeipima pale pale kaunta na kamera ya selfi, zambarau ipo, wateja wananishangaa. Nitawasha kulia tu, kushoto selotepu nyeusi kama fundi alivyosema. Sanskrini pande zote mbili, vidole viwili kila asubuhi. Picha kila Jumapili saa moja asubuhi, dirisha lilelile la jikoni, bila flashi, bila mafuta, sicheki. Wiki kumi na mbili.

#31 Mzee_wa_Kijiwe

Wiki kumi na mbili hucheki? Mume ataleta kesi.

#32 Shosti_Tabata (Julai 29)

Mwenye uzi uko hai?

#33 Mama_Kongowe (Julai 29)

Nipo. Wiki ya sita. Sioni kitu. Nimekosa siku nne kwa sababu ya umeme kukatika na mbili kwa uvivu.

#34 Mama_Kongowe (Septemba 14)

Wakuu, nimerudi.

Nimeprinti picha kumi na tatu, nimezipanga mezani, nimezikata katikati ya pua ili kulia na kushoto zisionane. Nyuma nimeandika tarehe kwa penseli. Nikamwita binti, na safari hii nikamwita na fundi cherehani wa jirani ambaye hajui chochote. Kila mmoja apange kulia peke yake, kutoka mbaya kwenda nzuri, halafu kushoto peke yake.

Kulia: wote wawili za mwishoni wameziweka upande mzuri, ingawa za katikati wamezichanganya hovyo. Pembeni ya jicho kuna mistari mitatu mirefu. Mitatu bado ipo. Ule wa chini umekuwa mfupi, zamani ulifika karibu na zinapoanzia nywele, sasa unaishia katikati. Mkunjo wa pua mpaka mdomoni haujatikisika hata nukta.

Kushoto, ambako hakuna taa: na kwenyewe za mwishoni zimeonekana nzuri kidogo! Hakuna mistari iliyopungua, ila ngozi imetakata, rangi imekaa sawa.

Kwa hiyo sijui nimshukuru nani kwa ule mstari wa chini. Inaweza kuwa taa, inaweza kuwa sanskrini imefanya kazi zaidi huko kulia kwa sababu ndiko jua lilikokuwa likipiga. Nesi unasemaje?

#35 Nesi_wa_Ngozi

Nasema umefanya kazi safi kuliko matangazo mengi niliyoyaona. Na jibu lako nalikubali lilivyo. Mstari mmoja umefupika, kwa wiki 12, kwa kifaa cha laki mbili. Wengine watasema inatosha, wengine watasema hela ya kuchezea. Wote wako sawa.

#36 Mama_Kongowe

Mimi naendelea nayo, sitaki kudanganya. Nimeondoa selotepu. Dakika kumi zile nimefumba macho hakuna anayeniuliza sare iko wapi. Kimashine cha umeme nakiuza, anayekitaka aje inboksi, ila jeli anunue mwenyewe.

Na dirisha la kulia nimelibandika plastiki ile isiyo na giza inayozuia UV. Trafiki wa Mtongani kanisimamisha kuniuliza ni tinti, nikamweleza. Akaniangalia mashavu, akaniuliza na yeye anayesimama juani kutwa apake nini.

#37 Dereva_Tunduma

Dada hongera. Ripoti yangu: nilinunua ile losheni ya jua baada ya uzi huu, nikaiweka kwenye dashibodi. Utingo wangu kaimaliza yote Makambako. Nikamuuliza, wewe unakaa kushoto inakuhusu nini? Akanijibu: bosi, tukienda jua lako, tukirudi langu.